Behewa Ambalo Baba Hakulitengeneza

Baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa ya mizigo, lakini alizeekea Kamembe, katika nchi ambayo haina hata mita moja ya reli.

Kule Kongo, katika mji wa reli alikozaliwa yeye na mimi pia, kazi yake ilikuwa kupita kando ya treni iliyosimama akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Behewa alilolikataa halikuondoka stesheni, hata mkuu wa stesheni apige kelele namna gani. Tulipofika Rwanda, mimi na yeye tu, alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli na kuziba sufuria zilizotoboka. Tabia ya kugonga haikumtoka. Aligonga sufuria kabla ya kuipokea, akagonga mitungi ya gesi ya jirani, na siku moja nilimwona akigonga mlango wa kanisa kwa kifundo cha kidole. Hakutaka kufunguliwa. Alitaka kusikia mbao zake.

Kazi ya kibandani ikiisha, alitengeneza vibehewa. Alikata makopo ya maziwa ya unga na madebe ya mafuta ya kupikia, akayakunja, akayalehemu, na kila kibehewa kilikuwa na urefu wa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Kulikuwa na la mafuta, mviringo kama pipa lililolazwa. Kulikuwa na la ng'ombe, lenye mbao zilizoachana ili wanyama wavute hewa, na la magogo, ambalo ni sakafu tupu na nguzo za pembeni. La abiria hakulitengeneza. "Abiria bana miguu yao," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, yaani wana miguu ya kutembelea. Aliviweka kwenye rafu ndefu sebuleni, vikifuatana kama treni inayosubiri kuondoka, na wageni waliokuja kutusalimia walivitazama kwanza kabla ya kukaa. Padri mmoja alimwomba kimoja akiweke karibu na pango la Krismasi. Baba alicheka, akamwambia Yesu hakuja kwa treni.

Behewa moja tu la mizigo lilikosekana kwenye rafu ile, na nililijua. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, nilimwuliza: "Papa, na lile la mahindi?"

Alikuwa anapiga tupa ukingo wa bati. Aliiweka tupa chini, akanawa mikono, akatoka. Alirudi chakula kikiwa kimepoa. Sikuuliza tena.

Behewa la nafaka halifanani na mengine, kwa sababu halina sakafu. Ndani, kuta zake zinateremka kutoka pande zote kama faneli mpaka kwenye milango miwili ya chuma iliyo chini kabisa, katikati ya reli. Juu lina matundu yenye vifuniko. Mahindi yanamiminwa kwa juu, na yakifika mwisho wa safari mtu anaingia chini na mtaimbo, anafungua mlango, nayo yanashuka yenyewe bila koleo. Meli zilileta mahindi mpaka bandari ya ziwani, mabehewa yakayapeleka bara kwa watu wa migodini, kisha yakarudi bandarini matupu.

Ndani ya mojawapo ya matupu hayo tulikimbilia, mama, baba na mimi. Nilikuwa na miaka sita.

Ulikuwa mwaka ambao watu wenye asili ya Rwanda kama sisi walikuwa wanawindwa; mtu mwenye sura kama zetu hakuweza kwenda hata kisimani. Wenzake baba wa kazini, watu wa makabila mengine kabisa, ndio waliotupandisha juu ya behewa asubuhi na kutuingiza kwa tundu la juu. Nakumbuka mteremko. Hapakuwa na pa kukaa. Ukikaa unateleza kuelekea mlangoni, na chuma kilikuwa kimelainishwa na mahindi ya miaka mingi mpaka kinang'aa. Mama alinifunga kwa kitenge kwenye chuma kilichopita katikati, naye akajishikiza kwa mikono. Nakumbuka vumbi la mahindi, joto, na sauti ya magurudumu karibu sana, kama yanazunguka ndani ya kifua changu. Mama alikuwa na pumu. Nakumbuka pumzi yake ikipiga filimbi. Kisha nakumbuka niko nje, mvua inanyesha mchana kweupe, mwanamume mwenye kofia ya kazi amenibeba begani na amenigeuza uso nitazame majani marefu. Nilisikia chuma kikilia chini ya treni. Baadaye tulikuwa ndani tena, baba na mimi, na kitenge kilichonifunga kilikuwa kimelowa.

"Mama amebaki njiani," baba aliniambia.

Hayo ndiyo maneno niliyopewa, na ndiyo niliyokua nayo. Mwanzoni niliyaelewa kama mtoto: amebaki, kwa hiyo atakuja. Nilipofika darasa la nne nilijua kwamba hatakuja. Nilipokuwa msichana nilianza kutaka kujua njiani ni wapi. Lakini nilikwisha kuona kilichotokea nilipotaja lile behewa, nikawa nangoja siku ambayo baba angeanza mwenyewe. Niliingoja nikimaliza shule, nikaingoja nikipata kazi Bugarama katika mashine ya kukoboa mpunga. Miaka ilikwenda, nikampita mama umri, na baba hakuanza.

Kisha akapigwa na kiharusi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu anayeuza vitambaa, alinipigia simu nikiwa kazini na kuniambia baba ameanguka kibandani. Bugarama hadi Kamembe ni barabara ya kupanda na kuzunguka, nami nilikuwa nyuma ya pikipiki nikimsihi dereva aongeze mwendo na Mungu aupunguze wakati. Nilimkuta hospitalini, amelala, nusu ya uso wake imeteremka. Mkono wa kulia haukusogea. Mguu wa kulia ulisogea kidogo. Macho yake yalinijua.

"Papa, unanisikia?"

"Ndiyo," alisema.

Nililia kwa furaha. Nikamwuliza kama ana kiu. "Ndiyo." Kama anaumwa kichwa. "Ndiyo." Kama anataka nimwite padri. "Ndiyo." Daktari alikuja, akamwonyesha kijiko, akamwuliza: "Mzee, hiki ni kisu?" Baba alimtazama kwa makini, akajibu: "Ndiyo." Na machozi yakaanza kumtoka, kwa sababu alijua kabisa kuwa si kisu.

Neno lile moja ndilo lililobaki. Daktari alinieleza nje, kwa upole, kwamba akili yake haijaondoka, ila njia kati ya akili na ulimi imekatika, na kwa umri wake hawezi kuniahidi kwamba itarudi. Aliniambia pia kwamba kiharusi cha pili kikija, hatakipita.

Nilirudi ndani nikakaa kando ya kitanda chake. Ninaona aibu kuandika nilichowaza. Sikuwaza maumivu yake. Niliwaza: amekaa na jambo la mama miaka yote hii, sasa atakwenda nalo.

Tuliporudi nyumbani nilianza kumwuliza. Sikungoja hata wiki. Nilikuwa nimeyapata majina ya vituo vya njia ile kwa dereva mmoja mzee wa malori anayelala hapa mpakani. Vilikuwa vitano tangu mji wetu mpaka bandarini. Nilikaa mbele ya kiti cha baba, nikamshika mkono mzima.

"Papa, mama alibaki kwenye kituo cha kwanza?"

"Ndiyo."

"Cha pili?"

"Ndiyo."

"Papa, tafadhali. Cha tatu?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema, akauchomoa mkono wake mkononi mwangu.

Aliyenipa wazo ni mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini, kijana mwenye subira, aliyekuwa akimkunja na kumkunjua baba vidole kila Alhamisi. Siku moja aliniuliza mzee alifanya kazi gani. Nilipomwambia, akasema: "Mletee vitu ambavyo mikono yake inavijua. Mkono unakumbuka mambo ambayo mdomo umeyapoteza." Alikuwa anazungumzia mazoezi tu. Mimi niliondoka pale nikikimbia.

Nilitengeneza behewa la mahindi mwenyewe. Sikuwa nimewahi kushika mkasi wa bati; baba hakupenda niguse vifaa vyake. Nilikaa sebuleni Jumamosi asubuhi, debe la mafuta kati ya magoti, na yeye kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alipoona ninachokata, alijua mara moja. Alikunja ngumi ya kushoto. Nilidhani atanifukuza, nikasimama na mkasi mkononi. Lakini hakufanya kitu. Alitazama tu, na mimi nikaendelea.

Nilipolehemu kuta za ndani, alianza kugonga ubao wa kiti. "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba "ndiyo" ya haraka namna ile maana yake ni hapana. Aliinua kiganja chake cha kushoto, akakilaza kidogo, akatikisa kichwa. Kisha akakiinamisha zaidi, akakiacha hapo. Mteremko wangu ulikuwa mdogo. Nilichukua konzi ya mpunga niliotoka nao kazini nikaumimina ndani ya bati, nao ukakaa tu juu ya mteremko, haukushuka.

Jambo hilo nililijua vizuri. Pale Bugarama mpunga unamiminwa kwanza katika chombo kikubwa cha chuma juu ya mashine, tunakiita tremi, nacho kina umbo lile lile la behewa la mahindi: mdomo mpana juu, kuta za kuteremka, mlango mdogo chini. Mpunga wenye unyevu ukikwama ndani yake, tunagonga ubavuni kwa rungu mpaka ushuke, na hakuna anayeruhusiwa kuingia, kwa sababu ukishuka unashuka na mtu. Jumatatu yake nilichukua kamba nikapima mteremko wa tremi wakati mashine imezimwa. Mwenzangu wa zamu aliniuliza ninapima nini. Nikamwambia: "Behewa." Akanitazama kama ninaumwa.

Jumamosi iliyofuata nilibomoa bati na kuanza upya. Baba aliridhika na kuta. Kwa magurudumu nilitumia rulma, yaani beringi, ndogo zilizochakaa za mashine. Kwa mlango wa chini nilikata kipande cha bati kinachoteleza, na kipete cha waya cha kukivuta. Kisha nikanunua nondo nyembamba mbili, nikazipigilia juu ya ubao mrefu uliopita sebule nzima kutoka mlangoni hadi dirishani, na juu ya ubao huo nikaweka vituo vitano, vijumba vya mbao, kila kimoja na jina lake kwa rangi nyeusi. Baada ya kituo cha tatu, dereva mzee alikuwa ameniambia kuna daraja. Nikaweka daraja.

Nilimsogeza baba mbele ya ubao baada ya misa ya Jumapili. Nilitia mpunga kidogo ndani ya behewa ili liwe na uzito, nikaliweka mahali pa kuanzia.

"Papa," nilimwambia, "sikuulizi kwa mdomo. Nionyeshe kwa mkono. Mahali tulipomwacha mama, lisimamishe."

Aliliangalia muda mrefu. Kisha akaweka mkono wa kushoto juu ya behewa, akalisukuma. Lilikwenda likilia kwenye nondo. Likapita kituo cha kwanza. Likapita cha pili. Likapita cha tatu, na kabla ya daraja likasimama. Vidole vyake vilipapasa ubavu wa behewa, vikashuka chini, vikatafuta kipete. Alikivuta. Mlango ukafunguka, akauweka upesi mkono wake chini, kiganja juu, na mpunga ukashukia ndani ya kiganja chake, kidogo kidogo, naye akaupokea bila kumwaga hata punje. Ulipoisha, akauteremsha polepole mpaka ubaoni. Akaufunika kwa mkono, akabaki ameinama hivyo.

Nikaelewa chuma kilicholia chini ya treni siku ile ya mvua. Mama hakutolewa kwa tundu la juu. Alikuwa amekwisha kukata pumzi, na mtu aliyekufa hapandishwi ukuta unaoteleza. Baba, ambaye alifungua milango ile maelfu ya mara kwa ajili ya mahindi, alifungua mmoja kwa ajili ya mke wake, akaingia chini, akampokea.

Nilimshika kichwa nikakilaza kifuani kwangu. Tulilia wote wawili mpaka jirani akaja kugonga mlango akifikiri kuna msiba. Nikamwambia upo, ila ni wa zamani.

Juma hilo nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa. Kati ya kituo cha tatu na daraja! Nilikwenda Cyangugu, nikashuka mpaka kwenye daraja la mpaka, nikawauliza wafanyabiashara wanaovuka na kurudi. Waliniambia nisijidanganye. Upande ule kuna vita, barabara zimekatika, na treni yenyewe hupita wakati inapopenda. Hayo hayakunivunja moyo. Vita huisha, nilijiambia. Cha muhimu ni kwamba najua mahali. Nilianza hata kuwaza ni msalaba wa mbao au wa chuma.

Jumapili iliyofuata, ili niwe na hakika tu, nilimwomba baba anionyeshe tena.

Alisukuma behewa. Likasimama kati ya kituo cha kwanza na cha pili. Alifungua mlango, akaupokea mpunga, akaulaza ubaoni na kuufunika, kwa upole ule ule.

"Hapana, Papa. Si huko. Juma lililopita ulinionyesha karibu na daraja."

"Ndiyo," alisema.

Nikarudisha behewa mwanzoni. Safari hii lilikwenda mpaka kituo cha tano, bandarini, akaanza kutafuta kipete pale. Nikalirudisha tena. Alitazama behewa, akanitazama mimi, akaweka mkono wake mapajani.

"Sukuma, Papa."

Hakusogea.

"Nimekuomba usukume! Ni mama yangu! Umekaa na jambo hili tangu nikiwa mtoto, kila siku unakata mabati yako, hukuwahi kunihurumia hata siku moja! Wapi? Ulimzika wapi?"

Sikuwahi kumpandishia sauti baba yangu. Niliushika ubao nikaunyanyua upande mmoja na kuuachia, vituo vikaruka, behewa likaanguka na kuviringika mpaka chini ya kiti. Baba alijaribu kuinuka ili aliokote. Mguu haukumbeba. Alianguka ubavu, mbele yangu, akabaki sakafuni akisema "ndiyo, ndiyo, ndiyo" kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba asipigwe.

Hakuvunjika. Nilimnyanyua, nikamfuta, nikamlaza. Kisha nikampigia simu shangazi yangu, dada yake baba, aliyetutangulia kutoka Kongo na sasa analima Rwimbogo. Nilimwambia aje, kwa sababu naogopa mikono yangu mwenyewe.

Alifika siku ya pili yake kabla ya adhuhuri, na furushi la viazi kichwani. Aliona ubao umeegemezwa ukutani, nondo zimepinda. Aliona behewa. Alikaa chini bila kuulizwa, akaliweka mapajani.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi, Tanti. Nilitaka anionyeshe mama alipo."

"Akakuonyesha?"

"Alinionyesha mahali patatu."

Shangazi alifunga macho. Alipoyafungua, alinena taratibu, kwa Kiswahili chetu cha kule.

"Mwanangu, yeye mwenyewe hajui."

Sikumwelewa. Nilimwambia baba aliijua njia ile kama ua wa nyumba yake.

"Aliijua, ndiyo. Lakini ile siku mulikuwa ndani ya chuma, mulikuwa hamuoni kitu. Treni ilisimama pale ilisimama, kwa sababu mwenzake wa kazi, mwenye alikuwa kwa ile treni, alimwombea kwa dereva, dakika chache tu. Mvua ilikuwa inapiga. Majani marefu pande zote. Bakachimba na koleo ya makaa, bakamulaza, bakakurudisha ndani. Muntu ambaye anazika bibi yake kwa haraka, ataangalia nguzo iko namba ngapi? Alikwendaka kumutafuta mara mbili. Wewe ulikuwa kwenye masomo, ulikuwa unalala kwangu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mara mbili, nikiwa shule ya msingi, baba aliniacha Rwimbogo karibu mwezi mzima, akasema anakwenda kutafuta vipuri vya baiskeli. Alirudi amekonda, miguu imevimba, bila kipuri hata kimoja.

"Alitembea kwa miguu katikati ya reli, siku nyingi, anapiga magoti kila mahali anaona udongo umeinuka. Mara ya pili alikuta maji ilikuwa imebeba sehemu ya njia, banaijenga upya pembeni. Akarudia nyumbani. Akaniambia: Dada, nimemupoteza mara mbili. Akaniapisha nisikuambie. Alisema ni afazali mutoto afikiri baba yake anajua na anamuficha, kuliko ajue kama hakuna muntu duniani anajua."

Niliketi pale sakafuni. Mashine ya kusaga unga ya mtaani ilikuwa inanguruma, watu walikuwa wanapita na ndizi zao kwenda sokoni. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nangoja mlango ufunguliwe, na ndani yake hapakuwa na kitu. Majuma yote yale nilikuwa ninamkamua mgonjwa jambo ambalo hakuwa nalo. Na yeye, kwa kunihurumia, alikuwa akinipa mahali, popote pale, ili nipate pa kuweka msalaba.

Niliingia chumbani kwake. Alikuwa macho. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia: "Papa, Tanti ameniambia. Sitakuuliza tena. Nisamehe."

Aliniwekea mkono wa kushoto kichwani, akauacha hapo mpaka nilipoinuka.

Shangazi ndiye aliyeamua kwamba mama aombolezwe. Alisema haiwezekani mtu akae miaka yote hiyo bila watu kumlilia. Padri alikuja, majirani wakaja na viti na chai, mama wa vitambaa akapika wali wa watu wote. Hatukuwa na picha wala kaburi. Shangazi alisimama, akawaambia watu mama alikuwa nani: kwamba alikuwa mrefu kuliko baba na alimtania kwa hilo, kwamba aliunguza maharage kila mara kwa sababu hakuweza kuacha hadithi katikati, kwamba alikuwa na hasira ya haraka na kicheko cha haraka zaidi. Nilisikia mambo hayo kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, nikiwa na kikombe mkononi. Kwa muda wote ule nilikuwa nimetafuta mahali alipolala, na sikuwahi kumwuliza mtu yeyote alikuwa mtu wa namna gani.

Baba alikaa mstari wa mbele, amevaa koti. Watu walipoimba, mdomo wake ulitembea nao.

Kiharusi cha pili kilimjia mwanzoni mwa mvua za masika, mchana, akiwa kwenye kiti chake. Daktari alikuwa amesema kweli. Tulimzika Kamembe, kwenye mlima, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa na Kongo ng'ambo yake. Nilihesabu hatua kutoka barabarani mpaka kaburini. Nikazirudia, ili nisikosee.

Bado ninafanya kazi Bugarama. Madereva wa malori hupita hapo kuelekea mpaka wa Ruhwa, na wengine wametoka mbali, upande wa lile ziwa jingine, lile la bandari ya mahindi. Nikisikia mtu ana lafudhi ya kule, ninamfuata. Mwezi uliopita alikuwepo mmoja, mtu mzima, anakula chapati kivulini mwa lori lake. Nilimsalimia, nikamwuliza kama ameiona reli.

"Nimeiona, Maman. Inapita karibu na barabara sehemu nyingi."

"Na majani ya pembeni? Kuna watu wanayakata?"

Aliacha kutafuna. "Ile reli ni ndefu sana. Unauliza majani ya sehemu gani?"

"Yote," nilimwambia.